Baridi ya Mlima na Jina la Kahawa

 

Leo tuzungumze kuhusu baridi. Baridi hii tunayoilalamikia mwezi wa Julai, tunapotoa masweta sandukuni na kuongeza blanketi kitandani, ndiyo iliyoupa mlima wetu wa Kilimanjaro zao lililotusomesha. Lakini nitaanzia mbali, Ufaransa, kwenye kinywaji ambacho wengi wetu hatukinywi. Asiyekunywa pombe asizime redio. Ninachokifuata huko ni somo la kilimo na la biashara, na somo lenyewe linatuhusu sisi wa Kilimanjaro.

Kiasi cha kilomita 180 kusini-mashariki mwa Paris kuna mji mdogo uitwao Chablis. Unapitiwa na mto Serein, na pande zote mbili za mto huo kuna vilima vya udongo mweupe wa chokaa. Okota jiwe katika mashamba ya huko, ulifute vumbi, ulisogeze karibu na macho, na utaona alama za chaza wadogo waliokufa yapata miaka milioni 150 iliyopita, zama ambazo eneo hilo lilikuwa chini ya bahari. Juu ya vilima hivyo imepandwa mizabibu, na kwa mvinyo unaobeba jina la mji huo aina ya zabibu inayoruhusiwa ni moja tu, zabibu nyeupe iitwayo Chardonnay.

Chardonnay imeenea dunia nzima. Inalimwa California, Australia, Chile na Afrika Kusini. Kwenye nchi ya joto huiva upesi, hujaa sukari, na mvinyo wake huwa mzito, wenye pombe nyingi, wenye ladha ya matunda yaliyoiva sana, nanasi na embe. Kwenye nchi ya baridi tunda huchelewa. Usiku wa baridi huuhifadhi uchachu ndani ya zabibu, sukari hupanda polepole, na mvinyo unaotoka huwa mwepesi na mkavu, wenye uchachu wa ndimu na wa tufaha bichi. Mche ni uleule na mikono ya mkulima ni ileile. Kilichobadilika ni mahali, na mnywaji anayejua kinywaji chake hutambua mahali hapo kwa ulimi.

Baridi hiyo wakulima wa Chablis wanailipia. Mwezi wa Aprili, mizabibu inapoanza kuchipua, kuna usiku ambao hewa hushuka chini ya nyuzi sifuri na sakitu, yaani umande ulioganda, hukaa juu ya machipukizi. Chipukizi likiganda ndani, zabibu za mwaka huo zimekwenda. Basi wakulima hukesha. Wengine huwasha majiko madogo kwa mamia katikati ya mistari ya mizabibu, na kuyaongezea mafuta mpaka alfajiri. Wengine hunyunyizia maji usiku kucha. Kumwagia maji mmea unaoogopa kuganda kunaonekana wazimu, lakini maji yanapogeuka barafu hutoa joto kidogo, na joto hilo, maadamu maji hayakatiki, hulilinda chipukizi lililomo ndani ya barafu. Aprili 2021 sakitu iliipiga sehemu kubwa ya Ufaransa, Chablis ikiwamo, na wengi walipoteza mavuno pamoja na kukesha kwao kote.

Kwa hiyo mtu anayenunua chupa ya Chablis analipia chokaa ile, baridi ile na mikesha ile. Na sheria ya Ufaransa inamhakikishia kwamba alicholipia ndicho alichopewa. Hapo nitaparudia.

Sasa msikilizaji wa Marangu, huku mlimani, ataniuliza: kama ni baridi, sisi tunayo. Kwa nini tusipande Chardonnay kwenye vihamba vyetu, mashamba yetu ya nyumbani?

Jibu liko katika aina ya baridi. Baridi ya Chablis ni ya majira. Inakuja mwishoni mwa mwaka, mzabibu unapukutisha majani, unalala miezi kadhaa, kisha unaamshwa na joto la mwezi wa nne na kupata kiangazi chenye siku ndefu za kuivishia matunda. Baridi ya Kilimanjaro ni ya kila usiku. Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta. Mchana na usiku wetu hulingana karibu mwaka mzima, na mmea haupati msimu wa kulala. Tena upande wetu wa kusini mwa mlima una mvua nyingi na ukungu, na majani ya mzabibu yakishinda na unyevu huota ukungu wa magonjwa. Ndiyo maana nchi yetu ililea mizabibu yake Dodoma, kwenye ukame, ambako wamisionari wa Bihawana waliipanda mwaka 1957 na ambako mkulima, kwa kupogoa kwa mpango, huulazimisha mzabibu kuanza upya na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Wagogo wa huko wanastahili pongezi kwa kazi hiyo. Sisi huku mlimani tulipata mmea mwingine.

Mmea unaotaka baridi ya kila usiku ni mbuni wa Arabika. Asili yake ni misitu ya nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia, ambako uliota wenyewe chini ya vivuli vya miti mikubwa. Hautaki kuganda na hautaki kuungua. Unataka mchana wa vuguvugu, usiku wa kuvaa sweta, na kivuli juu ya kichwa. Tazameni mlima wetu. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua nusu nyuzi au zaidi kidogo. Mjini Moshi tuko kwenye mita 800 na ushei. Ukipanda hadi mita 1,600, kwenye vijiji vya juu, umeacha nyuma kiasi cha nyuzi 4 au 5 za joto. Hapo tunda la kahawa huchukua muda mrefu kuiva, na muda huo unafanya kazi ileile ambayo moto mdogo huifanyia sufuria ya maharage. Punje hujaa ndani, hukaza, huwa nzito, na uchachu wake safi haupotei. Kahawa hiyohiyo ikipandwa chini, kwenye joto, huiva haraka na kuwa nyepesi mkononi na butu mdomoni.

Tuingie kihambani kidogo, maana wanaotusikia kutoka Mtwara na Kigoma huenda hawajawahi kuona kihamba. Juu kabisa kuna miti mirefu, mringaringa na mruka, inayochuja jua. Chini yake kuna migomba. Chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni kuna magimbi na mboga. Ng'ombe yuko zizini, analetewa majani, naye anarudisha samadi. Maji yanafika kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee kutoka mtoni kule juu, na kila ukoo una zamu yake. Mpakani imesimama mimea ya masale. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu wa kihamba, kupitia Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye thamani duniani. Wazee waliounda mfumo huu hawakuwa na maabara. Walikuwa na macho, na walijua mmea upi unapenda kukaa chini ya upi.

Kahawa huchumwa kuanzia Julai na kuendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka. Matunda ya tawi moja hayaivi pamoja, hivyo mchumaji anayejali hupita kwenye mti uleule mara kadhaa, akitoa mekundu na kuacha ya kijani yakomae. Siku hiyohiyo matunda humenywa ili ganda jekundu litoke. Punje zinabaki zimevikwa ute. Huvundikwa kwa siku moja au mbili, kutegemea baridi ya mahali. Mkulima hajui kwa saa kwamba uvundikaji umekwisha. Hutumbukiza mkono, hukamata gao la punje na kuzisugua. Zikiteleza, ute bado upo. Zikikwaruza na kutoa sauti, ni wakati wa kuosha. Kisha huanikwa vichanjani kwa wiki mbili hivi, zikigeuzwa mara kwa mara, zikifunikwa jua linapokuwa kali mno na usiku umande unaposhuka. Akichelewa kumenya, au akivundika kupita kiasi, au mvua ikizinyeshea kwenye kichanja, kazi ya miezi tisa ya mti inaharibika kwa siku mbili.

Kutoka hapo gunia linakwenda chama cha msingi, na kutoka chama cha msingi linashuka Moshi. Kiwanda cha kukoboa kahawa cha hapa mjini kilianzishwa mwaka 1920. Punje zikishakobolewa hupitishwa kwenye chekeche na kupangwa kwa ukubwa: AA, A, B na kuendelea, na PB kwa zile za mviringo zinazoota moja ndani ya tunda badala ya mbili.

Kisha inakuja kazi ya waonjaji, na kazi hiyo ningependa kila mkulima aione japo mara moja. Sampuli ya kahawa hukaangwa, husagwa, huwekwa kwenye vikombe vilivyopangwa mezani, na kumwagiwa maji ya moto. Muonjaji husubiri dakika chache. Unga huelea na kufunga utando juu. Anainama mpaka pua karibu iguse kikombe, anauvunja utando kwa mgongo wa kijiko, na harufu inapanda yote kwa pamoja. Baadaye huchota kijiko kimoja, hukivuta kwa kishindo ili kahawa itawanyike mdomoni kote, hutulia, kisha hutema. Halafu anaandika: uchachu, uzito, usafi, harufu, ladha inayobaki. Muonja mvinyo wa Chablis angekaa kwenye meza hiyo asingepotea, kwa sababu mambo wanayoyatafuta ni yaleyale. Yule wa kule anatafuta chokaa na usiku wa baridi kwenye glasi. Huyu wa Moshi anatafuta udongo wa volkano na usiku wa Kibosho kwenye kikombe. Kasoro ya kuvundika vibaya anaikamata mara moja. Na kahawa ya juu iliyotunzwa vizuri anaitambua vilevile.

Wasikilizaji, kahawa hii haikutufikia kirahisi. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliipanda Kilema katika miaka ya 1890, na kutoka misheni miche ikaingia vihambani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walowezi wa Kizungu hapa Kilimanjaro walitaka Waafrika wazuiwe kulima kahawa. Walisema mashamba ya wenyeji yatasambaza magonjwa. Na hofu nyingine ilikuwa kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuwa kibarua kwenye shamba la mwingine. Katika nchi jirani ya Kenya kizuizi cha namna hiyo kilidumu miaka mingi. Hapa Wachagga walijipanga. Mwaka 1925 waliunda chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake, wapulize dawa mibuni yao, waitetee haki yao ya kulima, na wauze pamoja. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, mmojawapo wa miungano mikongwe ya ushirika wa wakulima Waafrika katika bara hili. Mwaka uliofuata kituo cha utafiti wa kahawa kikafunguliwa Lyamungu.

Bei ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, fedha ile ya kahawa ilijenga shule, zahanati na barabara. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kikaanzishwa hapahapa Moshi, na leo ni Chuo Kikuu. Wapo madaktari, wahandisi na maprofesa wa nchi hii ambao ada zao zilitoka kwenye debe la kahawa lililobebwa kichwani na mama.

Kisha likaja pigo juu ya pigo. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Vikarudishwa miaka ya 1980 vikiwa vimepoteza mali na watu. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyogawa mgao wa kuuza kahawa na kushikilia bei yalivunjika, na bei ikaanguka. Magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani yakadai dawa ambazo mkulima hakuweza tena kuzinunua. Mibuni ikazeeka. Wengine wakaing'oa wakapanda nyanya na mahindi, au wakaongeza migomba. Vihamba vikagawanywa kwa wana mpaka vikawa vipande vya kujengea nyumba. Uzito wa kahawa ya Tanzania ukahamia nyanda za juu kusini, Mbinga na Mbozi, na wenzetu wa huko wamefanya kazi nzuri.

Hapo ndipo linapokuja suala la jina, ambalo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo.

Nilisema nitaparudia Chablis. Kwa miongo mingi nchini Marekani kampuni za mvinyo ziliuza kitu kilichoandikwa Chablis ambacho hakikuwa na tone moja kutoka Chablis. Kilitoka California, kwenye joto, kutoka zabibu zozote zilizopatikana kwa bei nafuu. Ilifika hadi ikauzwa Chablis ya rangi ya waridi, ilhali Chablis halisi haijawahi kuwa na rangi hiyo. Mkulima aliyekesha na majiko yake kwenye sakitu alipoteza mara mbili: jina lake lilimnufaisha mwingine, na mnywaji wa Marekani akaamini kwamba Chablis ni kinywaji cha ovyo.

Wafaransa walishaanza kujilinda mapema. Mwaka 1938 sheria yao iliweka mipaka ya Chablis: vijiji vipi, zabibu ipi, mavuno kiasi gani kwa hekta. Ndani ya mipaka hiyo mashamba yakapangwa kwa ngazi nne, kutoka Petit Chablis hadi Grand Cru, na ngazi hiyo ya juu ni miteremko michache inayotazama jua vizuri juu ya mto. Nje ya nchi vita vilichukua muda mrefu zaidi. Ni mwaka 2006 tu Marekani ilipokubaliana na Umoja wa Ulaya kuzuia matumizi mapya ya majina kama hayo, na lebo za zamani zikaachwa ziendelee.

Sasa tujitazame. Nendeni Japani. Kule jina Kilimanjaro linajulikana na kila mpenzi wa kahawa. Wanalitamka Kirimanjaro, au kwa ufupi Kiriman. Kanuni za biashara ya kahawa za nchi hiyo zinaeleza nini kinaruhusiwa kuitwa Kilimanjaro, nazo zinasema hivi: ni Arabika iliyolimwa Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba. Basi. Kahawa ya Mbinga, iliyolimwa karibu na Ziwa Nyasa, inaweza kuuzwa Tokyo kwa jina la mlima huu. Ya Mbozi pia. Ya Kigoma pia. Na mchanganyiko wa kahawa za nchi mbalimbali unaweza kubeba jina Kilimanjaro ilimradi asilimia 30 yake iwe ndiyo hiyo kahawa inayoitwa Kilimanjaro. Kilichobaki kinaweza kutoka popote.

Sisemi kwamba ndugu zetu wa Mbinga wametuibia. Hawakuziandika wao kanuni hizo, na kahawa yao ni nzuri. Tena wao wanapoteza kama sisi. Milima yao ya Umatengo ina udongo wake, mvua yake, na ngoro, mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo waliyabuni kuzuia mmomonyoko. Kwa nini kahawa yao isijulikane kwa jina lao? Jina moja likifunika nchi nzima, mkulima bora wa kila mkoa anafichwa nyuma yake.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kinajiuza kweli, lakini faida inamwendea yule aliyeshika jina. Mpaka gunia linafika mnadani Moshi, linajulikana limetoka chama kipi. Mnunuzi akishalipa na kahawa ikaingia ghalani kwake, anaweza kuichanganya atakavyo. Mama wa Uru aliyepita kwenye mti mmoja mara nne ili achume mekundu tu, na jirani yake aliyekamua tawi zima siku moja, mara nyingi wanalipwa sawa, kwa sababu kahawa zao zilikutana kwenye mzani uleule wa chama. Hapo bidii inakosa sababu. Kijana anayatazama haya, anafanya hesabu, anapanda basi la Dar es Salaam.

Wenzetu wameonyesha kwamba inawezekana kubadili. Mwaka 2005 Ethiopia ilianza kuyasajili majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe kama alama zake za biashara, hata huko Marekani. Kampuni ya Starbucks ilikuwa na mashaka na mpango huo, wakabishana, na mwaka 2007 wakatia saini makubaliano ya kuyatambua majina hayo. Jamaika walikwenda mbali zaidi na kahawa yao ya Blue Mountain: sheria inataja wilaya inakotoka na urefu wa mlima ambako inapaswa kulimwa. Kisiwa kidogo, kahawa kidogo, na Wajapani haohao hununua sehemu kubwa kwa bei ya juu mno. Zanzibar, hapahapa kwetu, sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008 inaruhusu bidhaa kulindwa kwa jina la mahali inakotoka. Kilimanjaro nayo inastahili ulinzi wa namna hiyo.

Ulinzi wa jina peke yake hautoshi, wasikilizaji. Chablis ikitoa mvinyo mbaya, sheria haitauokoa. Jina ni ahadi, na ahadi inatimizwa shambani. Kwa hiyo vyama vya msingi vipokee matunda mabivu na kuyamenya mahali pamoja, kwa mikono iliyofunzwa, pale inapowezekana. Kahawa ya ukanda wa juu itenganishwe na ya ukanda wa chini, tangu kwenye mzani. Mwenye kahawa safi alipwe zaidi ya mwenye kahawa chafu, siku hiyohiyo na mbele ya watu, ili jirani aone faida ya kuchuma mekundu. Na matokeo ya waonjaji yarudi kijijini, yasomwe kwenye mkutano wa chama, ili mkulima ajue kahawa yake ilisema nini mezani.

Kuna sababu ya kufanya haraka. Baridi yenyewe inapungua. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliochambua takwimu za Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ukaonyesha kwamba kinachouumiza mbuni zaidi ni usiku kuwa na joto. Kila nyuzi moja ya joto la usiku inayoongezeka inapunguza mavuno kwa takribani kilo 137 kwa hekta. Msikilizaji mwenye umri wa miaka 60 hahitaji utafiti. Anakumbuka usiku wa utotoni ulivyokuwa. Sasa mibuni inataka kupanda juu kuifuata baridi, na juu kuna mpaka wa msitu wa hifadhi, msitu unaotupa maji. Hatuna mahali pa kusogea.

Tunachoweza ni kuishikilia baridi tuliyonayo. Mringaringa ukikatwa kwa ajili ya mbao, pandeni mwingine siku hiyohiyo, maana kivuli chake hupunguza joto juu ya mbuni. Mfongo uliozibwa na nyumba mpya uzibuliwe, na kamati za maji zipewe nguvu. Lyamungu, ambako tangu 2001 taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, inafanya kazi, kuna miche chotara inayostahimili chulebuni na kutu bila dawa nyingi. Nendeni mkaiulizie. Mti wa babu ulifanya kazi yake. Ukizeeka, si aibu kumpa mjukuu mti mpya.

Na jambo la mwisho ni la sebuleni kwetu. Kule Chablis mgeni akifika, hupewa mvinyo wa kilima anachokiona dirishani. Uchagani mgeni akifika hupewa chai, au kahawa ya kopo iliyotengenezwa kwingine. Tumelima kahawa kwa zaidi ya miaka 100 na wengi wetu hatujui ladha yake. Mtu asiyejua ladha ya mali yake hawezi kubishana na mnunuzi. Kaangeni kahawa yenu nyumbani, twangeni, mpikie wageni, muonje ya jirani, mzilinganishe. Watoto wajifunze kutofautisha kahawa iliyovundikwa vizuri na iliyochacha, kama wanavyojua ndizi ya mtori na ndizi ya mbege. Mkifika hapo, hakuna atakayewaambia kahawa zote ni sawa.

Kwa viongozi wetu wa ushirika, wa mkoa na wa wizara, ombi langu ni moja. Majina ya Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi yapate sheria inayosema yanaanzia wapi na yanaishia wapi, na wakulima wa kila eneo wakae mezani sheria hiyo inapoandikwa. Kina Merinyo walipigania haki ya kuipanda kahawa hii, wakashinda. Kizazi chetu kina wanasheria, kina chuo kikuu cha ushirika, kina watafiti na waonjaji. Haki iliyobaki, ya kuiuza kwa jina lake na kwa thamani yake, ni deni letu, na hatuna kisingizio cha kuliacha bila kulilipa.